Nani Awe Kingi, Nani Awe Daktari

Kahawa ikishavunwa na kiangazi kikikausha barabara, vijiji vya Umatengo, kusini mwa Tanzania, na vya Wanyasa kando ya Ziwa Nyasa huanza kualikana kwa mganda. Kuanzia Kingerikiti hadi Mbamba Bay, hii ni ngoma ya wanaume. Wanawake wana kioda yao. Wachezaji hujipanga mistari, kaptula nyeupe, soksi zimevutwa hadi magotini, vibuyu mdomoni. Kibuyu hutobolewa tundu, likazibwa kwa utando mwembamba wa buibui, na mtu akiimba ndani yake sauti hutoka ikivuma kama tarumbeta.

Mganda umetokana na beni, ngoma iliyoanzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Kutoka huko ulirithi gwaride na vyeo: kingi, kapteni, sajenti, daktari, nesi. Mkulima aliyeinama shambani wiki nzima anasimama uwanjani akiwa na cheo ambacho mkoloni asingempa babu yake kamwe. Ndiyo sababu ugawaji wa vyeo hivyo unaniuma moyo ukifanywa ovyo.

Cheo kinadai mavazi, na mavazi yanadai fedha. Kingi akiwa yule tu mwenye uwezo wa kununua suti, kikundi kimeshauza kiti chake kabla ngoma haijalia. Kwangu mimi, suti, filimbi na koti jeupe la daktari viwe mali ya kikundi, vinunuliwe kwa mchango wa wote.

Wachezaji wa michezo ya mezani ya kuigiza wahusika wamesumbuliwa na jambo hilihili la kugawa nafasi kwa haki. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilipotoka Marekani mwaka 1974, dadu tatu zilirushwa kumpatia mchezaji nguvu, akili na sifa nyingine nne za mhusika wake. Dadu haipendelei mtu, lakini mmoja aliondoka na shujaa na jirani yake na mnyonge, akabaki naye miezi. Baadaye ikaja njia ya kumpa kila mtu pointi sawa azigawe mwenyewe.

Pointi sawa ni jambo jema, ila hazitoshi. Anachohitaji mtu ni kazi isiyofanywa na mwenzake. Mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliliona hilo katika kalela, ngoma ya jamii hiyohiyo, aliyoiandika mwaka 1956 kutoka migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Kingi alivaa suti na tai. Daktari, mwenye msalaba mwekundu kifuani, aliwatia wachezaji moyo. Nesi alipita katikati yao na kioo na leso, wafute jasho na kujitazama kama bado ni nadhifu. Kioo kile hakikuwa kitu kidogo: kwa mcheza ngoma, unadhifu ni nusu ya ushindi. Na mpiga ngoma, ambaye hana suti wala kioo, akikosea pigo moja sajenti mwenyewe anapoteza hatua.

Basi vyeo vigawanywe mapema, mbele ya wote, kabla fundi hajakata kitambaa. Fundi wa kuimba asirundikiwe na ukingi pia. Kijana wa mstari wa nyuma mwaka huu ajaribiwe usajenti mwakani, na sajenti arudi kwenye kibuyu.