Uwatu, karela na kopo la umri mrefu: mgonjwa wa sukari ashike lipi?

Mwaka 1989 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika katika vijiji sita vya Tanzania. Kati ya kila watu wazima 100 waliopimwa, mwenye kisukari alikuwa karibu mmoja tu. Mwaka 2012, watu wa miaka 25 hadi 64 walipopimwa katika utafiti wa kitaifa, waliokutwa nacho walikuwa asilimia 9.1. Umri na namna ya kupima havikuwa sawa, kwa hiyo namba hizi mbili hazilinganishwi moja kwa moja, lakini mwelekeo wake hauhitaji miwani. Ugonjwa uliosemwa kuwa wa matajiri wa Dar es Salaam sasa una wenyewe Dongobesh, Haydom, Basotu na Katesh.

Biashara ya tiba imeufuata huko huko. Minadani, kwenye mabasi na katika vikundi vya WhatsApp, mgonjwa anatajiwa dawa za India: mbegu za uwatu, unga wa karela, majani ya gurmar, mdalasini, manjano, mwarobaini. Heshima ya tiba hizi haikutoka hewani. Maandiko ya kale ya tiba ya Kihindi yanataja sisimizi wanaokusanyika kwenye mkojo wa wagonjwa fulani, karne nyingi kabla maabara haijajulikana. Lakini India hiyo hiyo, yenye mitishamba yote hii jikoni, mwaka 2023 ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wa kisukari milioni 101. Kama kijiko cha unga kingetosha kuwaponya, kingeanza na wenyewe.

Tuanze na uwatu, maana ndio wenye kesi nzuri kuliko wenzake. Loweka mbegu zake usiku kucha, asubuhi utakuta zimevimba na maji yamekuwa mazito yenye utelezi. Utelezi ule ni nyuzinyuzi. Ukifika tumboni pamoja na ugali, hufanya wanga usagike polepole, na sukari huingia kwenye damu kidogo kidogo badala ya kumiminika kwa mkupuo. Ndiyo maana baadhi ya tafiti, nyingi zikiwa ndogo, zimeona sukari ya wagonjwa ikishuka kiasi. Kiasi, lakini. Maharage ya Mbulu nayo yana nyuzinyuzi, na hakuna anayeyapigia spika mnadani.

Karela na mdalasini zilichambuliwa na jopo la kimataifa la Cochrane mwaka 2012, na hukumu ikawa kwamba ushahidi hautoshi kuzipendekeza kama tiba. Gurmar ina mchezo wake: ukitafuna jani kisha ukaweka sukari ulimini, utamu hauusikii kwa muda, ni kama unatafuna mchanga. Huenda hilo likamsaidia mtu kupunguza soda. Kuzima utamu mdomoni, hata hivyo, si sawa na kushusha sukari kwenye damu.

Halafu kuna dawa za umri mrefu. Tiba ya Kihindi ina tawi zima linaloshughulikia kuongeza nguvu na miaka, na mtoto wake maarufu ni chyawanprash, rojo jeusi kama jamu linalouzwa kwenye makopo. Ndani yake mna matunda ya amla, samli, viungo vingi, asali, na sukari kwa wingi. Mgonjwa wa kisukari anayelamba vijiko viwili kila asubuhi ili aishi miaka mingi anajiongezea kile kile anachokikimbia. Kosa hilo tunalo hata sisi bila kopo la kutoka ng'ambo: mtu anaambiwa achanganye unga wa dawa na asali ya Yaeda Chini, eti asali ya porini haina madhara. Asali ni sukari, iwe imelinwa mbuyuni au imenunuliwa dukani.

Si kwamba mimea haina dawa. Metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani huanza nacho, chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Mmea wenyewe ulikuwa na sumu. Wanakemia walitengeneza kitu kinachofanana na kiini chake, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kukitumia kwa wagonjwa. Tofauti ya kidonge hicho na unga wa kwenye mfuko wa nailoni ni kipimo: kila kidonge kina miligramu zinazojulikana, na madhara yake yameandikwa.

Unga usiopimwa una mambo. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walitoa matokeo ya kupima dawa 193 za Kihindi zilizouzwa kwenye intaneti. Karibu moja kati ya kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Zebaki huumiza figo, na figo ndizo kisukari chenyewe huzishambulia. Katika baadhi ya nchi zimekamatwa dawa zilizoitwa za asili kumbe zimechanganywa kwa siri na vidonge vya hospitali vya kushusha sukari. Mtu akimeza hizo juu ya vidonge vyake, sukari inaweza kuporomoka: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuropoka, hata kuzimia. Hapo anahitaji maji yenye vijiko vitatu vya sukari mara moja, kama bado anaweza kumeza, kisha kituo cha afya.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuacha dawa. Mwaka 2011 watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa. Wapo walioacha vidonge vyao. Kwa mwenye kisukari cha utotoni, ambaye kongosho lake halitoi tena insulini, kuacha sindano kwa siku chache tu kunaweza kumuua. Kwake hakuna mjadala wa mitishamba. Kama nyumbani hakuna friji, chupa ya insulini hutunzwa ndani ya chungu kilichowekwa kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini.

Umri mrefu wa mgonjwa wa sukari umo kwenye mambo yasiyouzika mnadani. Miguu, kwa mfano. Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa ya fahamu hufa ganzi. Mzee anayechunga ng'ombe Hanang akiwa na katambuga huchomwa na mwiba asubuhi, asisikie, jioni akavua bila kuangalia. Wiki mbili baadaye kuna usaha, na baada ya hapo kukatwa mguu si jambo la mbali. Kumbe ingetosha kila jioni mjukuu aambiwe, "Njoo unimulikie tochi," unyayo ukaguliwe hadi katikati ya vidole.

Sahani nayo. Wengi wamehama sembe wakaenda dona au mtama, hatua nzuri, kisha wanakula mlima ule ule. Dona ni wanga. Uji mwepesi wa ulezi, unaosifiwa sana kwa wagonjwa, hupandisha sukari upesi kuliko wanavyodhani. Nusu ya sahani iwe mboga, robo maharage au nyama, robo ugali. Presha ipimwe pia, na macho yachunguzwe kila mwaka.

Anayetaka kuendelea na uwatu wake au karela ya mboga, ale kama chakula, vidonge vikiwa pale pale, na apime. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ikathibitishwa kwa kipimo cha pili, hicho ni kisukari, na glukomita haijali dawa imetoka Gujarat au Katesh. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilianzisha Baraza la kusajili waganga na dawa zao, kwa hiyo muulize muuzaji usajili wake kabla hujatoa hela. Na siku ya kliniki, iwe Haydom, Mbulu mjini au Katesh, beba kopo lenyewe umwonyeshe daktari. Usimfiche kwa kuogopa kugombezwa, maana hawezi kukupangia dozi bila kujua unachokunywa nyumbani.