Msimulie hadithi mtoto angali tumboni

JE, umewahi kumwona mja mzito akizungumza na tumbo lake ukamcheka? Usimcheke tena. Mtoto aliye tumboni husikia, na sauti anayoisikia vyema kuliko zote ni ya mama yake.

Mimba inapokaribia miezi sita au saba, watoto wengi huanza kushtuka au kujipindua kukiwa na mshindo. Sauti za nje, kama vile redio ya jirani au honi ya matatu, humfikia mtoto zikiwa hafifu kwa kuwa hupitia kwenye mwili wa mama na maji yanayomzunguka mtoto. Lakini sauti yako wewe mama hupitia pia ndani kwa ndani, kwenye mifupa na nyama za mwili wako. Ndiyo sababu humfikia kwa nguvu zaidi.

Wachunguzi wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na Melanie Spence, walilithibitisha jambo hili katika matokeo waliyochapisha mwaka wa 1986. Waliwataka waja wazito wasome kwa sauti hadithi moja ya watoto, mara mbili kwa siku, katika wiki sita za mwisho za mimba. Mojawapo ya hadithi hizo ilitoka katika kitabu cha The Cat in the Hat cha Dr. Seuss.

Baada ya kuzaliwa, watoto hao walipewa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mtambo. Mtoto alipobadilisha mwendo wake wa kunyonya, aliweza kujichagulia hadithi ya kusikiliza. Kwa jumla, watoto hao walichagua ile waliyoizoea tumboni, hata iliposomwa na mwanamke mwingine.

Usidanganywe

Hii haina maana kwamba mtoto alielewa kisa. Alichokitambua ni mdundo na mapigo ya maneno. Kwa hivyo, usimwamini anayekuambia kwamba kusoma au kupiga muziki karibu na tumbo kutamfanya mwanao awe bingwa shuleni. Ule uchunguzi maarufu wa mwaka wa 1993 kuhusu muziki wa Mozart ulifanyiwa wanafunzi wa chuo kikuu, wala si watoto walio tumboni.

Usipoteze pesa zako kununua vyombo vya kufunga tumboni ili mtoto asikie muziki. Sauti yako yatosha, nayo haina bei.

Ufanye nini?

Anza mwezi wa saba. Tenga dakika 10 hivi jioni, uketi au ulale kwa ubavu, kisha usome kwa sauti ya kawaida. Rudia hadithi ile ile siku nyingi, kwani mtoto huzoea kinachorudiwa. Tumia lugha unayoizungumza nyumbani, iwe Kiswahili, Kikamba au Kijaluo. Kama huna kitabu, anza na 'Paukwa! Pakawa!' na umsimulie visa vya Sungura na Fisi ulivyosimuliwa na nyanya yako.

Nawe baba usikae kando. Sauti yako humfikia mtoto ikiwa hafifu kuliko ya mama, lakini utakuwa umeanza mazoea ambayo mtoto atayahitaji sana baada ya kuzaliwa.

Angalia anavyocheza

Wakati huo wa utulivu una faida nyingine kubwa zaidi. Hukupa nafasi ya kujua jinsi mwanao anavyocheza. Kila mtoto ana mazoea yake, na anayeyajua vyema ni mama mwenyewe.

Wengi huambiwa kwamba mtoto hupunguza kucheza siku za kujifungua zinapokaribia. Si kweli. Iwapo amepunguza kuliko kawaida yake, au ametulia kabisa, usijiambie kwamba amelala kwa utamu wa hadithi. Usingoje kesho, wala siku yako ya kliniki. Nenda hospitalini mara moja, hata kama ni usiku, ili mapigo ya moyo wake yapimwe. Ukikuta yu salama, hujapoteza lolote. Akiwa mashakani, huenda safari hiyo ikayaokoa maisha yake.

Basi msimulie mwanao, lakini nawe msikilize.