JUU YA NINI HORTENSIA INAGEUKA RANGI?



Katika bustani nyingi za Kivu, mbele ya nyumba na kando ya njia, kuko maua makubwa ya mviringo yanayoitwa hortensia. Kwa mama mmoja ni ya buluu, kwa jirani yake ni ya roze. Tena mtu anaweza kukata kijiti kwenye mti wa buluu, akipande kwake, na maua yakatoka roze. Hapo maneno yanaanza: "Fulani ameweka dawa." Hakuna dawa ya usiku. Ni kazi ya udongo, na udongo huo ndio unaotulisha.

Hortensia hii asili yake ni Japani. Ndani ya maua yake kuko rangi moja tu, ya jamii ya antosianini. Rangi ile ile inatoa buluu, inatoa na roze. Tofauti inaletwa na alumini. Alumini iko karibu ndani ya kila udongo, lakini mara nyingi imefungwa, mizizi haiwezi kuikamata. Udongo ukiwa wa asidi, alumini inayeyuka ndani ya maji. Mizizi inainywa, inapanda mpaka kwenye ua, inashikana na ile rangi, na ua linakuwa buluu. Asidi ikiwa ndogo, alumini inabaki imefungwa, na ua linakuwa roze.

Kwa hesabu ni hivi: pH chini ya 5,5 maua ni ya buluu; juu ya 6,5 ni ya roze; katikati ni zambarau, ao rangi mbili juu ya mti mmoja. Wale wanaosoma kemia waangalie vizuri. Karatasi ya turnesoli inageuka nyekundu ndani ya asidi, lakini hortensia katika udongo wa asidi ni buluu. Ni kwa sababu hapa asidi inafungua tu mlango. Mwenye kuingia ni alumini. Hortensia nyeupe, yenyewe haigeuzwi na udongo.

Kuko na ndugu yake mmoja wa inchi za baridi, mwenye maua marefu kama koni. Watu wa Ulaya na Marekani wanaipenda sana, kama ile inayoitwa Limelight, iliyotoka Uholanzi. Inaanza ya kijani kidogo ao nyeupe, kiisha inakuwa roze. Lakini ile inageuka kwa uzee wa ua na kwa baridi ya usiku, siyo kwa udongo. Basi, tusichanganye hizo mbili.

Sasa neno kubwa. Alumini inayopendeza hortensia inaua ncha za mizizi ya maharagi. Mizizi inabaki mifupi, haipati maji wala chakula, na majani yanadumaa hata mvua ikinyesha vizuri. Chai inavumilia udongo wa namna hiyo, maharagi hapana. Sehemu nyingi za Walungu na Kabare ziko na udongo wa asidi. Udongo mpya wa volkano kwa upande wa Rutshuru, asidi yake ni ndogo. Basi, kama hortensia ya kwenu iko buluu sana na maharagi kando yake hayazai, usimtafute mchawi. Tafuta majivu.

Majivu ya kuni na chokaa ya shamba vinapunguza asidi na kuifunga tena alumini. Yatawanye majivu makavu, kidogo kidogo, uyachanganye na udongo mbele ya kupanda. Usimwange yote pahali pamoja, maana yakizidi majani yanageuka manjano. Ongeza na samadi iliyooza. Usingojee matokeo kwa juma moja: ua lililokwisha kufunguka halitageuka vizuri, utaona kwa maua yatakayofuata.

Kwa mwenye kutaka kupanda hortensia: kata kijiti cha sentimetre 10 mpaka 15 kisicho na ua, toa majani ya chini, kichomeke katika udongo laini penye kivuli, umwangilie maji kila mara. Karibu mwezi mmoja kitaota mizizi. Kata matawi maua yakiisha kukauka, usichelewe, sababu macho ya maua ya mwaka kesho yanajifanya mapema juu ya matawi ya mwaka huu. Mbuzi wasile majani yake, yana sumu.

Likizo ikifika, kila mmoja wetu aangalie ua la kwao na shamba lililo kando yake, kiisha awaeleze wazazi kwa heshima. Majivu ya jikoni tunayatupa kila asubuhi, na maharagi yanayangojea.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho