Elfu kumi za kutoka hemani

Umewahi kupiga hesabu ya kuhamia keja yako ya kwanza? Kodi ya mwezi, dipoziti, godoro, meko, na mtu wa mkokoteni anayekungoja nje. Sasa piga hesabu hiyo ukiwa ndani ya hema, na nyumba uliyotoka imeteketezwa.

Kama wewe ni wa Eldoret, uwanja wa maonyesho ya kilimo unaujua kwa ng'ombe wa gredi na trekta. Mapema 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, ulikuwa kambi ya maelfu ya watu. Waulize wazazi wako, watakwambia.

Mei mwaka huo serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Familia ziliahidiwa Sh10,000 za kuanzia maisha, na Sh25,000 kwa waliobomolewa au kuchomewa nyumba. Malori yakaja. Jina tamu hilo, lakini nyumbani wapi? Mwenye shamba angalau alikuwa na mahali pa kusimamisha hema, hata kama jirani hamsalimii. Aliyekuwa akipanga chumba mjini, au aliyekuwa na kibanda tu cha biashara, angeshukia wapi?

Elfu kumi ukiwa peke yako ni kodi ya miezi michache, kisha uko barabarani tena. Kundi moja lililotoka uwanjani hapo liliona hivyo mapema. Walichanga pesa zao, wakanunua ardhi Maai Mahiu, zaidi ya kilomita 200 kutoka Eldoret. Wakajiita Vumilia Eldoret.

Na walivumilia kweli. Maai Mahiu ni kukavu, upepo na vumbi. Walitoka hemani wakaingia hemani, na mtu angeweza kuwacheka. Ila hema lililo kwenye ploti yako si sawa na hema la uwanjani: hakuna afisa wa kuja kukwambia kambi inafungwa Ijumaa, na ukipata mawe unaanza msingi. Baadaye shirika la Habitat for Humanity lilisaidia kujenga nyumba huko Maai Mahiu.

Mimi siuiti huo ushindi kamili. Ploti ya nyumba si shamba. Utalala, lakini utakula nini? Wateja uliowazoea wamebaki Eldoret, na shule ya watoto pia. Sheria ya wakimbizi wa ndani ilikuja 2012, ikitambua kwamba mtu anaweza kurudi alikotoka, kubaki alipo, au kuhamia kwingine, na achague mwenyewe. Wale wa Vumilia walikuwa wameshachagua, kwa mfuko wao, miaka minne kabla.

Siku ukisafiri kwenda Nairobi kwa barabara ya chini, matatu yako itapita Maai Mahiu. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Jina lake liko huko pia, kwenye kijiji cha watu walioondoka na elfu kumi kumi.