Wataka Kununua Pikipiki ya Kwanza? Soma Kwanza Haya

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni mwalimu, au tabibu wa zahanati, au karani wa chama cha ushirika. Kazi yako iko kilometa 14 kutoka nyumbani. Kila siku waamka gizani, wapanda baiskeli, na penye mlima washuka na kuisukuma. Mvua ikinyesha wafika umelowa chepechepe. Jioni warudi taa imekwisha washwa na mtoto mdogo amekwisha lala. Sasa mazao yameuzwa, fedha kidogo zimebaki, na moyo wako wasema: mwaka huu nanunua pikipiki.

Wazo hilo si baya. Pikipiki si anasa kwa mtu wa namna yako. Lakini hujapata kuendesha pikipiki hata siku moja, na hapo ndipo twataka kuzungumza nawe. Yafaa mama watoto naye akae asikilize, maana fedha hizo ni za nyumba nzima, na mmoja akivunjika mguu huumia nyumba nzima.

HESABU KABLA YA DUKA

Watu wengi huuliza bei ya pikipiki tu. Wakiona fedha zinafika, hununua, wakarudi nyumbani bila hata senti ya kofia. Wewe fanya hesabu kinyume. Kwanza weka kando fedha za mafunzo na leseni. Pili, fedha za helmeti mbili, yaani kofia ngumu, yako na ya utakayempakia. Tatu, bima. Nne, akiba ya oili, tairi, cheni na fundi. Zinazobaki ndizo za pikipiki. Kama hazitoshi, ngoja msimu mwingine. Baiskeli bado ipo.

Mafuta nayo yahesabiwe. Kilometa 14 kwenda na 14 kurudi ni 28. Kwa siku tano za kazi ni 140. Pikipiki ndogo inayotunzwa yaweza kwenda kilometa 40 au zaidi kwa lita moja, basi kwa juma moja tenga lita tatu na nusu. Uliza bei ya lita kijijini kwako, hasa ya yale mafuta yanayouzwa kwa chupa, kisha ulinganishe na mshahara.

NDOGO YATOSHA

Kijana wa dukani atakuonyesha pikipiki kubwa yenye kishindo. Usivutwe. Kwa mwanafunzi, ya cc 100 au 125 yatosha kabisa kwenda kazini. Hata hiyo ndogo ina uzito wa kilo 100 na zaidi, na siku itakapoinama kwenye matope ni wewe utakayeishika. Ikalie kabla ya kulipa. Miguu yote miwili ifike chini vizuri. Tena, chagua aina ambayo fundi wa karibu anaifahamu na vipuri vyake vinapatikana sokoni.

Ukinunua iliyokwisha tumika, nenda na fundi unayemwamini. Tazama kadi ya pikipiki: namba ya injini na namba ya chesisi zilizoandikwa humo ziwe zile zile zilizopigwa kwenye chuma. Jina la mwuzaji liwe ndilo lililo kwenye kadi. Kisha mhamishe umiliki kwenye ofisi ya Mamlaka ya Mapato. Usikubali maneno ya “tutamaliza baadaye”. Wengi wamejikuta wakijibu maswali ya polisi juu ya chombo cha mtu mwingine.

MIKONO MIWILI, MIGUU MIWILI

Kwenye pikipiki ya kawaida kila kiungo kina kazi yake. Mkono wa kushoto hubana klachi. Mguu wa kushoto hubadili gia. Mkono wa kulia huongeza mafuta, na mkono huo huo hubana breki ya mbele. Mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma.

Wanafunzi wengi huiogopa breki ya mbele, wakitumia ya nyuma peke yake. Ni kosa. Pikipiki inaposimama, uzito mwingi husogea mbele, na kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye nguvu zaidi ya kusimamisha. Tumia zote mbili pamoja, ukiibana ya mbele polepole kama mtu akamuaye ng'ombe, wala usiifinye kwa ghafula. Kwenye mchanga, changarawe au utelezi, ibane kwa wepesi zaidi, na usukani uwe umenyooka.

Jua pia kwamba ukienda kilometa 40 kwa saa, kila sekunde inakupeleka mita 11. Mbuzi akiruka barabarani, umekwisha enda mita hizo kabla mkono haujaitika. Na mwendo ukiwa maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huwa mara nne. Ndiyo maana wazee walisema mwenda pole hajikwai.

UWANJA WA MPIRA NDIO SHULE

Usiende kazini kwa pikipiki siku ya kuinunua. Utaratibu wa sheria ni huu: pata leseni ya kujifunzia, hudhuria shule ya udereva, jaribiwa na polisi, ndipo upate leseni yenyewe. Kufundishwa nusu saa na rafiki aliye kijiweni si kujifunza.

Pamoja na masomo hayo, jipe mwezi mmoja wa mazoezi. Juma la kwanza liwe la uwanja wa mpira, asubuhi wakati hakuna watoto. Isukume ikiwa imezimwa, uuzoee uzito wake. Washa, achia klachi kidogo kidogo, nenda kwa mwendo wa mtu atembeaye. Weka jiwe, kisha jifunze kusimama pale pale penye jiwe, mara ishirini, mara thelathini. Zunguka kulia na kushoto, macho yakitazama unakokwenda, maana pikipiki hufuata macho. Ukitazama shimo, utaingia shimoni.

Juma la pili, njia ya kijijini isiyo na magari. Juma la tatu, nenda hadi kazini siku ya mapumziko, polepole, ukizijua kona, madaraja na mahali pa mchanga. Juma la nne, ukiwa tayari, nenda kazini kweli, ukiondoka nyumbani saa ile ile ya baiskeli. Anayechelewa ndiye anayekimbia. Na daima inua stendi kabla ya kuondoka. Stendi iliyosahauliwa imewaangusha wengi kwenye kona.

KOFIA NA ABIRIA

Mwezi wa Mei 1935, mwanajeshi Mwingereza aliyejulikana kama Lawrence wa Uarabuni alianguka na pikipiki yake alipowakwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuvaa kofia ngumu. Siku sita baadaye alikufa. Daktari mmoja wa upasuaji wa ubongo aliyeitwa kumtazama, Hugh Cairns, hakulisahau jambo hilo. Mwaka 1941 alitoa maandiko yake juu ya waendesha pikipiki walioumia vichwa, akionyesha jinsi kofia inavyosaidia, na jeshi la Uingereza likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuvaa. Mwaka 2008 wataalamu waliolinganisha uchunguzi mwingi waliona kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimwokoi mtu. Ivae, ufunge mkanda wa kidevuni.

Abiria usimpakie mpaka umekwisha zoea kabisa, na miezi mitatu si mingi. Baadaye, mmoja tu. Ile desturi ya mishikaki, baba, mama na watoto wawili juu ya kiti kimoja, hata kama ni njia ya kwenda kanisani, tuiache. Mtoto asikalishwe juu ya tangi. Na wewe mama, kusanya kanga yako vizuri kabla hamjaondoka, kwa kuwa upindo ukinaswa na gurudumu au cheni, wakuvuta chini. Miguu nayo iwe mbali na bomba la moshi.

Kuhusu pombe, neno ni moja: aliyekunywa asiendeshe, hata kama ni kibuyu kimoja tu.

Ndugu msomaji, hatukukataza. Mwaka huu au ujao, huenda utafika shuleni ukiwa mkavu, na jioni utamkuta yule mtoto mdogo akiwa macho, akikimbilia kuisikia pikipiki ya baba. Ni kwa ajili ya jioni hiyo unainunua. Basi mwezi mmoja uwanjani usiuone mrefu. Leo usiku, mtoto akiisha lala, chukueni karatasi na kalamu, wewe na mama, mwanze ile hesabu.