Mashujaa wa Vibonzo (2): Abunuwasi Mjenzi wa Angani

Mwaka 1991 kampuni ya Marvel ya Marekani ilimleta Squirrel Girl, msichana mwenye mkia ambaye jeshi lake ni kuchakuro. Katika hadithi yake ya kwanza kabisa alimshinda Doctor Doom, jabari aliyewatoa jasho mashujaa wakubwa miaka nenda miaka rudi. Ushindi wa kuchekesha, lakini ushindi.

Pwani yetu ina shujaa wake wa aina hiyo, tena mkongwe. Abunuwasi hana misuli, hana joho wala hapai. Asili yake ni Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid. Simulizi zilipopita midomo ya Waswahili, mshairi akageuka mjanja wa mtaani. Mwaka 1996 mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alimtolea kitabu cha vibonzo kwa Kiswahili, kikachapishwa Nairobi na Sasa Sema.

Chukua kisa kinachojulikana sana cha nyumba ya angani. Sultani anamwamuru Abunuwasi amjengee nyumba hewani, la sivyo atakiona. Abunuwasi anaunda tiara kubwa, anaifunga kengele, anairusha mpaka inakuwa kama nukta. Watu wanasikia mlio juu. Anamwambia Sultani kwamba hao ni mafundi, wanagonga. Sasa wapelekewe mawe na chokaa. Sultani anang'aka: nani awezaye kupanda huko? Basi, anajibiwa, kama hakupandiki, nyumba ingejengwaje?

Kisa hiki kama kiliumbwa kwa ajili ya kuchorwa: kisanduku kimoja tiara na uzi wake mrefu, cha pili shingo za umati zimepinda, cha tatu uso wa Sultani, bila neno hata moja.

Huku Kilifi kuna mwenzake wa kweli. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama ambaye sanamu yake ipo Malindi, inasimuliwa kwamba mwaka 1913 alimpelekea afisa wa Kiingereza, Arthur Champion, kuku na vifaranga vyake, akamwambia ajaribu kuchukua kimoja. Kuku akamdonoa. Champion alikuwa akitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi, na kila aliyekuwapo alielewa.

Watoto wa Ganze na Magarini wanastahili kumsoma kuku huyo katika vibonzo vya Kiswahili, vilivyochorwa kwa ustadi ule ule aliopewa Abunuwasi. Sehemu ya tatu itamwangalia Juha Kalulu wa Edward Gitau.