Haki ya mama wa nyumbani anapoachwa



Ndugu Waislamu, tumchukulie mke wa mfanyakazi wa reli hapa Iyunga, jijini Mbeya. Mume yu safarini kila juma. Mke hana mshahara wala genge, ila amelea watoto wanne, amepika, amefua, na ndiye aliyewasimamia mafundi nyumba ilipojengwa. Siku anapopewa talaka huambiwa afunge nguo zake, apande basi arudi kwa wazazi wake Kyela, kwani “hakuchangia hata tofali moja”.

Mume huyo amekosea mbele ya Sharia na mbele ya sheria ya nchi.

Sura ya At-Talaq (65), aya ya 1, inakataza kumtoa mtalikiwa nyumbani ndani ya eda, isipokuwa kwa uchafu ulio dhahiri. Katika talaka rejea, anakaa, anakula na anavaa kwa gharama ya mume hadi eda imalizike. Baada ya talaka tatu, Mashafii humpa makazi, na chakula iwapo ana mimba. Mahanafi humpa vyote. Aya ya 6 inataja ujira wa kunyonyesha. Mahari iliyobaki ni deni. Kisha kuna kitoka nyumba, kilichotajwa katika Al-Baqara (2), aya ya 241, ambacho wengi wetu tumekisahau kabisa.

Na nyumba je? Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa Mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali hiyo. Wanaolitaja shauri hili aghalabu huacha mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa kuwa Mahakama iliona alikwishapewa na mumewe fedha za biashara, akazitapanya.

Wapo wanaopinga, wakisema Uislamu hutenga mali ya mume na ya mke. Ni kweli. Lakini wanazuoni wengi wa Kishafii husema kupika na kufua si wajibu wa mke. Basi, aliyeifanya kazi isiyo wajibu wake kwa miaka kumi na mitano, twawezaje kusema hakutoa kitu?

Dada aliye katika hali hii asiharakishe kuondoka. Apeleke shauri kwanza Baraza la Usuluhishi, na BAKWATA wanalo. Suluhu ikishindikana, Baraza humpa hati ya kwenda nayo mahakamani, na Mahakama ya Mwanzo inaweza kulisikiliza shauri la ndoa ya Kiislamu. Achukue cheti cha ndoa, na majina ya mafundi aliowasimamia.